Mlango Hauhamishwi

Siku yangu ya kwanza kazini Riyadh, msimamizi wa zamu aliniuliza kama nimekuja kupiga deki. Nikamwekea mezani diploma yangu ya elektroniki. "Nimekuja kurusha roboti," nikasema. Wenzangu wote chumbani walikuwa na digrii. Aliyeanzia kwenye ndoo na fagio ni mimi peke yangu, na sioni haya kujisifu.

Roboti zetu zilikuwa na umbo la mchemraba. Zilielea ndani ya kituo cha anga za juu, zikijisukuma kwa feni, nasi tukiziongoza kutoka Riyadh. Kampuni na vyuo vikuu vilitulipa tuzibebeshe vifaa vyao vya utafiti. Roboti hujua ilipo kwa kulinganisha picha za kamera yake na ramani ya kuta iliyohifadhiwa ndani yake. Hilo likumbukeni, vijana.

Nikiwa bado kwenye miezi ya majaribio, nilikabidhiwa kifaa cha chuo kimoja. Katikati ya safari roboti ikayumba, ikagonga ukuta. Wanaanga walikuwa wamehamisha mifuko ya mizigo bila kutuambia. Picha hazikulingana tena na ramani.

Mkurugenzi wa operesheni akaja mbio. "Zima! Halas, basi! Mwanaanga ataikamata."

Nilijua maana yake: utafiti wa watu umekufa, nami narudishwa kwetu.

"Bosi, nipe dakika tano."

"Mbili. Yalla, haraka!"

Nikamkumbuka Bibi. Kabla ya diploma, nilipokuwa mfanyakazi wa ndani Ruwais, kule Jeddah, nilimtunza mama mkwe wa madam, ndiye niliyemwita Bibi, kipofu aliyetembea kwa kupapasa samani. Siku moja nilisogeza kabati nifagie, nikasahau kulirudisha. Nikamkuta katikati ya sebule, amenyoosha mikono, analia.

"Nani kahamisha nyumba yangu?"

Sikumvuta. Nilimshika bega, nikamgeuza taratibu hadi mkono wake ukagusa fremu ya mlango.

"Aa, kumbe niko hapa!" Akacheka. "Binti, hamisha vyote, mlango niachie."

Basi nikapunguza kasi ya feni, nikaigeuza roboti taratibu hadi kamera ikaona mlango wa chumba kule kituoni, wa chuma, usiohamishwa na mtu. Picha ikalingana na ramani. Roboti ikatulia, ikaendelea na kazi.

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Hiyo umeisomea wapi?"

"Diploma, bosi."

Ikawa kanuni ya zamu zote: roboti ikipotea, itafutie mlango kwanza. Nilistaafu nikiwa mkuu wa zamu. Diploma imetundikwa sebuleni kwangu Nakuru, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuonyeshwa. Lakini jibu lile lilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni ya Bibi.

Siku hizi macho yangu nayo yameingia ukungu. Juzi mjukuu wangu Wanjiku alisogeza kochi apate nafasi ya kucheza. Akanikuta nimesimama katikati ya sebule, mikono mbele.

"Shosho, si ulikuwa unarusha roboti? Sasa umepotea kwako?"

"Nani kahamisha nyumba yangu?"

Kicheko kikamwisha. Akanishika mkono anivute.

"Usinivute, mama," nikamwambia. "Nishike bega. Nigeuze taratibu, mpaka mlangoni."