Kupondea Irio Ndani ya Sinki

Sinki iliyovunjika siku ya wakwe ilikuwa yangu, na mimi ndiye niliyeamuru irio ipondwe humo, kwa hivyo wale wanaosimulia huko Giakanja kwamba shemeji yangu ndiye aliyeivunja wanamwonea bure.

Ilikuwa miaka ya sabini, tumevutiwa maji ya mfereji, na mimi, ambaye mengi ninayojua nimejifundisha kwa kusoma, niliamua sinki ya jikoni isinunuliwe kwa kubahatisha. Mke wangu, Mama Wangari, alitaka ya chuma kisichoshika kutu. Nikamweleza kwamba chuma hukwaruzika na kupiga kelele, na saruji hushika harufu, lakini kauri haibadiliki. (Dukani Nyeri nilikuwa nimeijaribu kwa chai moto, ndimu na majivu, mwenye duka akinitazama tu.) Tukanunua ya kauri, nyeupe, nzito, nikaifunga ukutani mwenyewe.

Kisha wakaja watu wa Endarasha kumposa binti yetu, na neno lao la mwisho lilikuwa bado. Wazee walikaa sebuleni. Jikoni, Nyambura, dada wa mke wangu, alikuwa anatafuta mahali pa kukazia sufuria kubwa ya irio, viazi na mahindi na njegere, ili aiponde, kwa kuwa sakafu ilijaa watu. Mimi nilikuwa nimeingia kuwaonyesha wanawake wawili wa upande wa kijana sinki yangu, na mmoja akauliza kama kitu cheupe hivyo kina nguvu. Hapo ndipo nilipojiponza. Nikamwambia Nyambura aiweke sufuria humo.

“Baba Wangari, hiyo si ya kupondea,” mke wangu akasema.

“Pondea.”

Sufuria iliingia barabara, haikutikisika hata kidogo, na Nyambura, ambaye mikono yake ni ya jembe, akaanza kupiga mchi, wageni wakaanza kusifu, ndipo sinki ikapasuka katikati, sufuria ikaanguka, mfereji ukang'oka, irio yote ikamwagika juu ya vipande vya kauri, na mimi nikaziba bomba kwa kofia yangu (ile ya kanisani) huku maji yakitiririka hadi chini ya viatu vya wazee.

Baba wa kijana, mzee wa maneno machache, akaja mpaka mlango wa jikoni, mahali ambapo wanaume wa rika lake hawafiki. Akatazama. Nilijua akiitisha koti lake, posa imekwisha.

“Huyu msichana,” akauliza, “mambo ya jikoni alifundishwa na nani? Ni wewe ama ni mama yake?”

“Ni mama yake,” nikasema, bado nimeshika bomba.

“Basi tuko sawa. Wacha tungoje chai.”

Walikula viazi vya kuchemsha, wakakubaliana nasi. Tangu hapo sisifii kifaa ambacho kinatumiwa na mtu mwingine. Sinki iliyofuata aliichagua Mama Wangari. Mimi nilipewa kazi ya kuibeba, na njia nzima kutoka mjini sikumwuliza imetengenezwa kwa kitu gani.