Odeta na Mamba Aliyepakwa Rangi Upya

Odeta Mayala ni fundi rangi wa magari hapa Igoma. Duka langu la vipuri linatazamana na gereji yake, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na mengine alinisimulia akiwa bado amefura kwa hasira.

Alikuja kutoka Magu akiwa na miaka ishirini. Akajifunza msasa, kisha puti ya kuzibia mabonyeo, kisha rangi, siku ambazo wateja walikuwa wakimwona wanauliza fundi yuko wapi. Sasa ana miaka arobaini na moja, na gari lililogongwa ubavuni akilimaliza, hata mwenye gari hapaoni pale palipobonyea. Gereji aliiendesha kwa ubia na Perez Ojwang, mtu wa Rorya, aliyemzidi miaka mitano. Walikuwa pamoja miaka tisa. Yeye alimwita kaka Perez, naye Perez alimwita fundi, hata mbele ya wateja.

Mambo ya matoi yalianza mwaka ule jeki ilipoteleza, gari likamvunja Odeta mguu. Akiwa amelala nyumbani, dada yake Sabina alimletea kwa mzaha roboti la plastiki linalogeuka kuwa simba. Odeta aliligeuza na kuligeuza kutwa nzima. Aliniambia hajawahi kuona kitu kidogo kilichofikiriwa vizuri namna ile: kiungo kilekile ni goti la roboti, na ni bega la mnyama. Alipopona akanunua mengine, akaanza kujirekodi kwa simu akiyachambua: viungo, rangi, kama linasimama lenyewe bila kuegemezwa. Watu walimcheka, mama mzima na midoli. Lakini wafuasi wake mtandaoni walifika maelfu, wengi wao wazazi wanaotaka kujua toi lipi halitavunjika siku ya kwanza.

Mwaka jana alimchambua mamba wa kijani aliyekuwa akiuzwa na mzee Luhaga, mwenye duka la matoi kule mjini. Alilisifu taya, maana lilifunguka likawa kifua cha roboti, na mkia ulichomoka ukawa upanga. Ila alipomgeuza mara ya tatu, nyonga ya kushoto ilipasuka mbele ya kamera. Akasema msinunue. Waliokwisha kununua wakarudisha mamba wao wakiwa na nyonga zilezile zimepasuka, na Luhaga akawaondoa wote dukani.

Machi mwaka huu Luhaga akamtumia boksi. Ndani kulikuwa na mamba wa zambarau, mwenye jina jipya na macho ya dhahabu, pamoja na kikaratasi: "Toleo jipya, binti. Mchambue kwa haki."

Odeta hana ugomvi na toi kubadilishwa rangi. Aliwahi kumsifu chui wa bluu ambaye alikuwa ni yule chui wa njano wa mwaka uliotangulia, akasema bluu imemkaa vizuri zaidi. Basi akamweka mamba juu ya meza ya gereji, akawasha simu, akaanza kwa uchangamfu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe changu cha chai.

Taya lilikuwa gumu. Mguu wa nyuma haukutoa ule mlio mdogo wa kiungo kukaa mahali pake. Odeta akapitisha kucha kwenye mkunjo.

"Rangi nene mno," alisema. "Kiwandani hawapigi hivi."

Akachovya kitambaa kwenye thina ya kuyeyushia rangi, akasugua tumbo. Zambarau ikatoka. Chini yake praima ya kijivu, ile rangi ya kwanza. Chini ya praima, kijani. Akasugua nyonga ya kushoto, na hapo akakuta puti iliyosawazishwa kwa msasa laini, na chini ya puti, ufa.

Kisha akakitazama kile kitambaa. Zambarau ile ilikuwa na chembe za dhahabu. Desemba yeye mwenyewe ndiye aliyeichanganya, kwa ajili ya basi la kwaya, na makopo mawili yalibaki.

Perez alikuwa akibandika magazeti kwenye vioo vya gari jirani.

"Kaka Perez, huyu mamba umempiga rangi wewe?"

Hakujifanya haelewi. "Luhaga aliwaleta. Ni Jumapili mbili tu, ulipokwenda Magu kwa mama."

"Wangapi?"

"Kama mia na hamsini."

"Na puti?"

"Fundi, hayo ni matoi."

"Nimekuuliza puti!"

"Nilipiga."

Sijawahi kumsikia Odeta akipaza sauti vile. "Basi ulijua! Ungepaka rangi tu ungesema hukujua. Wewe umeuona ufa, ukauziba, ukausugua mpaka ukapotea! Na mtoto wa mtu atautia mdomoni huo mkia wenye rangi ya basi!"

"Mbona magari tunaziba kila siku?"

"Mwenye gari anajua! Si yeye ndiye aliyelileta?"

Perez akainamisha kichwa. Angeishia hapo labda yangepoa, lakini akaongeza, "Mzee alisema ukimsifu wewe, wataisha wiki moja."

"Kumbe na mimi mlinipangia."

Simu ilikuwa bado inarekodi.

Kesho yake asubuhi alikwenda mjini, nami nikamsindikiza, nikihofia angefanya fujo. Akafanya. Odeta huyu anayemwamkia hata mzee asiyemjua, siku hiyo hakusema shikamoo. Alimwekea Luhaga mamba aliyesuguliwa juu ya kaunta.

"Rangi wanabadilisha dunia nzima," alisema Luhaga. "Wewe mwenyewe ulimsifu chui."

"Chui hakuwa amevunjika!"

"Watoto hawaoni tofauti, binti."

Odeta alimpa mgongo. Alikwenda kwenye rafu, akafungua boksi, akamgeuza mamba mbele ya akina mama waliokuwa wakichagua vitu. Nyonga ikakatika. Akafungua la pili, ikakatika. Alipofika la nne mlinzi akamshika mkono akamtoa nje, na kipande cha plastiki bado kiko kiganjani mwake.

Siku hiyohiyo aliirusha ile video. Perez alikuwa amemwomba asiitaje gereji. Odeta alilikata jina la Perez na sauti yake, lakini mwishoni akasema wazi: "Rangi hii imepigwa kwetu, Igoma, na niliyeichanganya ni mimi."

Luhaga aliwaondoa mamba waliobaki, hakuomba radhi, na mpaka leo anasema yule mwanamke ana wivu. Wateja wawili wakachukua magari yao gerejini kabla hayajaisha. Perez akahamia Nyakato pamoja na kompresa ya kupulizia rangi, kwa kuwa ilikuwa yake. Na mama mmoja wa Sengerema, Hellen, akapiga simu akifoka: mwanawe alikuwa na mmoja wa mamba hao tangu wiki iliyopita, analala naye, amemtafuna mkia mpaka umebaki kijani. "Rangi ni yenu, na nyie ndio mnatuonya! Mlikuwa wapi?"

Odeta alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amnyang'anye mtoto toi hilo na ampeleke kwa daktari. Alipokata simu akalia, na hata kulia kwake kulikuwa kwa hasira.

Mwezi Juni nilimwona Perez akivuka barabara kuja gerejini. Odeta alikuwa akipiga msasa mlango wa lori la samaki, kwa mkono, na hakuinua uso.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri."

Perez akavua kofia. "Bado una hasira?"

"Ninayo."

"Basi nitakuja siku nyingine."

"Njoo," alisema Odeta, akageuza kipande cha msasa upande ambao haujachakaa. "Utanikuta nayo."