Safari ya Kwenda Kukalia Makochi

Mume wangu ni fundi makochi, na kama hujawahi kuishi na fundi makochi anayesifiwa, mshukuru Mungu wako. Mtu huyu haingii nyumba ya watu akakaa kama binadamu wengine. Kwanza analibonyeza kochi kwa kidole gumba, halafu anaguna, halafu anamtazama mwenye nyumba kwa huruma kama vile kafiwa. Nimeaibika kwenye sebule za watu mpaka nimezoea.

Karakanani kwake kuna sheria moja kubwa: hakuna kochi linalotoka mlangoni kabla yeye mwenyewe hajalikalia. Anakaa, anafumba macho, anajisogeza kushoto, anajisogeza kulia, na watu wazima na akili zao wamesimama kimya wanasubiri makalio ya mheshimiwa yatoe hukumu. Mdogo wake, anayefanya kazi naye, anasimama pembeni na nyundo mkononi kama mshtakiwa. Wateja wanaupenda sana mchezo huo. Hata mimi nilikuwa nacheka, zamani, kabla ini lake halijaharibika.

Yalianza macho kuwa ya manjano, kisha tumbo likajaa maji. Madaktari wakasema dawa zimefika mwisho, kilichobaki ni kupandikizwa ini jingine, na hospitali inayofanya kazi hiyo iko mji mwingine, nusu siku kwa basi. Sharti lao la kwanza ni kuhamia karibu. Ini linatoka kwa mtu aliyefariki ambaye ndugu zake wameridhia, kwa hiyo hakuna ajuaye litapatikana lini. Likipatikana, wanapiga simu, na mgonjwa awe amefika ndani ya saa moja, maana likikawia halimfai yeye wala mwingine. Asiyepatikana anaondolewa kwenye foleni mpaka jopo la madaktari likae kumjadili upya. Nesi anayesimamia foleni hiyo alituambia uso kwa uso kwamba jopo halina huruma na watoro.

Tukahama. Nikafunga kibanda changu cha kushona mapazia, watoto nikawatoa shule katikati ya muhula, tukapanga vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Madirisha yalitazama ukuta. Jiko tulichangia na wapangaji wengine, na bomba la uani lilitoa maji likijisikia. Mama mkwe naye akafungasha, eti mwanawe hawezi kuachiwa mimi peke yangu. Siku aliyofika alivikagua vile vyumba kama mtu anayetaka kununua, akafyonza.

"Hapa ndipo ulipomleta mwanangu?"

"Nimemleta hospitali, mama. Hotelini tutakwenda akipona."

Namba iliyoandikwa hospitali ilikuwa yangu. Mume wangu akiwa kazini hasikii simu. Mdomo umejaa misumari, masikio yamejaa nyundo. Basi simu ikawa pacha wangu. Naenda nayo bombani, naenda nayo chooni. Ikiita, moyo unaruka, kumbe ni shangazi yake fulani anataka kujua kama mgonjwa anakula. Anakula, shangazi. Asiyekula ni mimi.

Na yeye mgonjwa? Alikuwa amechoka kukaa, anasema. Fundi makochi amechoka kukaa! Alikifumua kiti cha mwenye nyumba bila kuombwa, akakishona upya kwa uzi wangu, halafu akakikalia, akafumba macho, akasema, "Sasa hiki ni kiti." Mama mkwe akapiga makofi. Nikasema moyoni, Mungu nipe subira, maana hawa wawili watanimaliza kabla ya ini kufika.

Ndipo akapiga simu mwenye ukumbi. Huyu ni tajiri mmoja aliyekuwa anajenga ukumbi wa sherehe, ameagiza makochi ya wageni wa mbele. Mdogo wa mume wangu alikuwa ameyamaliza yote, na kwa macho yangu kazi ya yule kijana haina tofauti na ya kaka yake, ila yeye hafumbi macho. Simu iliwekwa sauti ya juu, tukasikia wote.

"Fundi, mdogo wako kajitahidi, simlaumu. Lakini mimi siwezi kupokea kochi ambalo wewe hujalikalia. Wageni wangu ni watu wazito. Mkono kama wako hakuna nchi hii."

Kilemba cha ukoka, hicho! Ukumbi mzima utakuwa umefunikwa vitambaa vya mapambo, nani atajua nani alikalia nini? Lakini nilimwona mume wangu anavyovimba. Mtu mwenye shingo nyembamba kama mpini wa mwiko, kichwa kimevimba.

"Ni kwenda na kurudi tu, mama watoto," akasema.

"Huendi."

"Muda wote huu hawajapiga. Watapiga siku hiyohiyo moja?"

"Mwambie mdogo wako ayakalie."

"Yeye mwepesi. Hana uzito wa kulijua kochi."

"Na wewe unao? Hebu jitazame kwenye kioo. Hayo makalio yenyewe yako wapi siku hizi?"

Mama mkwe akaingilia. "Mwache mwanamume akaone kazi yake. Kazi ndiyo inampa moyo."

"Moyo anao, mama. Anachokosa ni ini."

Usiku ule aliniapia kwamba haendi. Asubuhi nikatoka kwenda kuchota maji, nikapanga foleni na ndoo zangu, na niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Kaenda kunyoosha miguu."

Nikaangalia chini ya kitanda. Begi la nyundo halipo. Kumbe miguu ilinyooshwa mpaka stendi ya mabasi! Loo, nilitukana. Nilitukana ukoo mzima, na mama mkwe akiwa palepale, akasikia na yake. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema, lakini huyu masikio yake yalikuwa mazima. Alisikia vizuri sana. Alichosikia zaidi ni sifa.

Kesho yake, nikiwa naosha vyombo, simu ikaita. Nesi.

"Mama, limepatikana. Linamfaa. Mlete sasa hivi, asile wala asinywe kitu."

Nikajibu nini, sikumbuki. Akasema anapanga mambo ya chumba cha upasuaji, atanipigia tena punde kuhakikisha tumeondoka. Nikampigia mume wangu kwa vidole vyenye povu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Akapokea mdogo wake, akampa.

"Ini limepatikana," nikamwambia. "Uko wapi?"

Nyuma yake nikasikia watu wanacheka na kusukuma viti.

"Nimebakiza mawili tu," akasema.

Mawili tu! Nadhani lilimtoka bila kujua, maana mara hiyohiyo akaanza kulia. "Mama watoto, waambie niko njiani. Waambie barabara imefungwa. Nakodi gari sasa hivi, nakuja."

"Gari gani litakalokufikisha kwa saa moja? Hata ukirushwa huwezi kufika."

"Waambie tu! Wataningoja!"

Simu nyingine ikaanza kugonga sikioni, nesi anapiga. Mama mkwe alikuwa keshanishika mkono, kucha zimeingia. "Sema yupo. Sema anaoga, sema anavaa. Wakishalishika mkononi hawatalitupa, watamsubiri!"

"Watalitupa, mama. Ndicho walichotuambia."

"Sema yupo, wewe mwanamke!"

Watoto wangu walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama. Nikapokea.

"Mmeshaondoka?" nesi akauliza.

"Hayupo," nikasema. "Kasafiri jana, yuko nusu siku kutoka hapa. Mpeni anayefuata."

Nesi akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Unajua nikiripoti hivyo, tunamtoa kwenye foleni?"

"Najua, dada. Ripoti."

Mume wangu alirudi asubuhi iliyofuata. Aliingia na begi lake la nyundo, suruali imeshikwa na mkanda tu, macho ya manjano kama kiini cha yai. Mama yake alikuwa hajalala, alianza hata hajavuka kizingiti.

"Muulize mkeo! Neno moja tu alitakiwa kusema! Kakuua kwa mdomo wake, kwa chuki, kwa sababu hukumsikiliza!"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilisema kwa chuki. Nilikuwa nimemchukia mwanao kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Na ningekuwa nampenda kwa moyo wote ningesema vilevile, kwa sababu kuna mgonjwa mwenzake alikuwa amelala anangoja, na hakwenda popote."

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilikuwa na maneno mengine tayari, niliyapanga tangu jana yake, makali, nilitaka nimwambie mume wangu mbele ya watoto yeye ni mtu wa namna gani. Yeye akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakubonyeza godoro, hakuguna. Alikaa tu kama mzigo uliowekwa na mtu mwingine.

"Walimpata mwingine?" akauliza.

"Walimpata."

Akatikisa kichwa, akakubali. Alikuwa anavua viatu, akashindwa na kamba, nikainama nikamfungulia. Miguu ilikuwa imevimba, vidole vyangu vikaacha alama kwenye ngozi nilipomshika.

"Kwani watapiga tena, eti?" akaniuliza. "Nikikaa hapahapa? Sitoki tena, nakuapia. Watapiga?"

Mama mkwe alifunua uso, akanitazama. Alikuwa amesikia kila neno nililomwambia nesi, hata lile la kuripoti.

"Watapiga," nikamwambia.