Ripoti ya Matumbawe Kila Jumatatu

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni karani wa mapokezi katika hoteli moja ya Kitale. Bosi wangu, Bwana Harjit, alitaka tangi letu la samaki lipambwe kwa matumbawe. "Wekesa, duka langu la Bungoma linauza ya plastiki," akasema. "Chukua hapo."

Plastiki! Mimi, mtu wa kompyuta? Nilimbembeleza mpaka akakubali, nikakimbilia saiba, nikaagiza matumbawe hai kwenye mtandao. Yalikuja mekundu, yamefungwa kwa magazeti. Nikayachomeka kwenye mchanga wa tangi haraka, yasije yakafa.

Mimi nimelelewa na wakulima wa mahindi Kachibora, na kitu hai lazima kitunzwe. Kila asubuhi niliyalisha unga wa omena, wale dagaa wa ziwani. Niliyapima kwa rula, na kila Jumatatu nikampelekea bosi ripoti: "Yameongezeka nusu inchi." Yalipokataa kukua, niliandika, "Yanapumzika." Wageni niliwakataza kugonga kioo, ati yanashtuka. Hata pasta wetu aliyaombea. Bosi alifurahi sana, akaanza kunitajia cheo cha meneja.

Juzi akaja na mama yake. Nilikuwa katikati ya kuwaeleza habari za mizizi, mama akatumbukiza mkono akayang'oa.

"Mama, yatakufa!" nikapiga kelele.

Akayageuza. Chini palikuwa na kibandiko. Bosi akavaa miwani, akasoma kwa sauti jina la duka lake la Bungoma.

Kisha akaniuliza polepole, "Na wiki hii, Wekesa, yameongezeka ngapi?"