Mkono wa Duane

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, katika ukumbi wa mnada mjini Birmingham, Alabama, Odell Pettway anapanga mezani kadi zenye picha za wachezaji wa besiboli, ambazo watu huzinunua na kuzikusanya. Ana miaka hamsini na minane, na kuuza kadi hizo ndiyo kazi yake tangu kiwanda cha mabomba kimpunguze. Kando yake ameketi mshirika wake mkuu: mkono wa kulia wa Duane Stubbs. Duane mwenyewe ameandamana nao.

Kadi nyingi Odell huziuza mtandaoni. Wanunuzi hawaiamini kadi iliyolazwa. Wanataka picha yake ikiwa imeshikwa kwa vidole vitupu, pembe zote nne zionekane. Miaka mitatu Odell alishika kwa vidole vyake vyeusi. Siku alipojikata kisu, alimwomba Duane, jirani yake Mzungu, amshikie.

Kadi zilizokuwa zikiishia dola arobaini zikafika sitini. Kidonda kilipopona akarudisha mkono wake, na bei nayo ikarudi chini.

“Nilidhani ni mwanga,” anasema. “Nikanunua taa.”

Taa ilimulika vizuri sana mkono uleule. Duane akarudi kazini, kwa ujira wa chakula. Tofauti ile ya bei ndiyo inayolipa kodi ya nyumba ya Odell.

Mchana anafika mteja wa mtandaoni, ametoka Tennessee kuja kumshukuru muuzaji. Anampita Odell na kuukumbatia mkono wa Duane kama wa askofu. Odell anaeleza kwa upole kwamba kadi ni zake. Mteja anatabasamu, kisha anamgeukia Duane na kumuuliza kama kweli kadi ni halisi.

“Muulize mwenyewe, bwana,” Duane anajibu. “Mimi hata kanuni za besiboli sizijui.”

Mteja anairudisha kadi aliyoishika, anasema atafikiria, anaondoka.

Odell anainyoosha ile kadi mahali pake. “Siku nyingine sema ni zako.”

“Lakini ni zako, Odell.”

“Najua ni zangu. Wewe sema ni zako.”

Duane ana miaka sabini na minne, na moyo wake mbovu. Chakula kinaletwa mezani. Odell anaivuta nyama ya nguruwe kutoka sahani ya mwenzake na kumsogezea sukumawiki.

“Kula majani hayo, mzee. Ukifa wewe, mimi nimekwisha.”

Duane anatafuna, akinung'unika kwamba hayana chumvi.