Wiki Mbili Bila Kuinamisha Kichwa

Aliyenifanya niende Lilongwe ni Mama Asukulu, na mpaka leo yeye mwenyewe hajui. Alikuwa amekuja nyumbani kwangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kupanga harusi ya mwanawe, Asukulu, na binti yangu, Nabintu. Tulipofika kwenye suala la picha alinitazama katikati ya paji la uso, mahali ambapo kila mtu hunitazama kabla ya kunisalimia, akasema kwa upole kabisa:

"Foto itatoka muzuri. Papa Nabintu tutamuweka nyuma kidogo."

Pajini nilikuwa na nundu. Ilianza nikiwa kijana Bukavu, ndogo kama punje ya njugu, ikakua taratibu mpaka ikawa kama yai la kuku. Haikuuma wala haikuwasha. Ilikaa tu pale, na wateja walielekezana kwayo: nenda kwa fundi mwenye nundu. Nilidhani nimeizoea. Lakini kuwekwa nyuma kwenye harusi ya mtoto niliyemlea peke yangu tangu mama yake alipofariki, hilo lilinikaa rohoni. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nimemwahidi Nabintu kwamba gauni lake la ndoa nitalishona mimi, si mtu mwingine, na kitambaa kilikuwa kimeshakatwa na kubanwa kwa pini. Nilitaka niingie naye kanisani akiwa ndani ya gauni hilo, kisha nisimame mbele kama baba wa mtu.

Wiki hiyo hiyo nikasikia kwamba kwenye kliniki moja ya Lilongwe kuna daktari mgeni anayetengeneza nyuso za watu, na kwamba ataondoka Ijumaa ya wiki inayofuata. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili na siku chache. Nikapiga hesabu zangu. Kitu pekee nilichowahi kutolewa mwilini ni jino, na jino unang'olewa asubuhi, jioni unakula ugali. Nikaona nundu nayo itakuwa hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipokosea, na makosa mengine yote yalizaliwa hapo.

Jumatatu asubuhi, kibali cha kutoka kambini kikiwa mfukoni, nilimwambia Nabintu naenda Lilongwe kutafuta shanga za kifuani mwa gauni. Alinitengenezea chai, akaniambia nichague nyeupe, si zile za rangi ya maziwa. Nikaitikia bila kumtazama. Kabaza, mwenye baiskeli ya abiria, akanifikisha kwenye barabara kuu, na hapo dereva wa lori la vitunguu akanipa nafasi kwenye kabini. Njia nzima nilijitazama kwenye kioo cha pembeni. Nilikuwa naiaga nundu, na sikuona aibu yoyote.

Saa tano nilikuwa mbele ya daktari. Alikuwa mtu mwembamba mwenye vidole virefu, na nilivihusudu vidole hivyo kwa ajili ya kazi ya kutarizi. Aliibonyeza nundu, akaisukuma kushoto na kulia, kisha akaongea na nesi, mama mmoja wa hapa Malawi aliyenifasiria kwa Kichewa ninachokielewa.

"Anasema haina madhara. Ungeweza kuzeeka nayo. Kwa nini unataka itolewe?"

"Picha," nikasema.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, aliacha kucheka.

"Wiki mbili usiinamishe kichwa," nesi akafasiri. "Usibebe kitu kizito. Usishone. Damu ikishuka kichwani, nyuzi zitaachia na kovu litakuwa baya kuliko nundu."

Nilimweleza kwamba fundi asiyeinamisha kichwa ni kama mchungaji asiyefungua Biblia. Nikamweleza habari za gauni. Akasema basi ningoje mpaka atakaporudi, na lini atarudi, hajui. Hapo ningeweza kuinuka, kuaga na kwenda zangu. Nikamkumbuka Mama Asukulu na ule upole wake, nikapanda kitandani.

Walinichoma ganzi. Sikuhisi maumivu, ila nilisikia kila kitu, hata mkasi, na kwa sikio langu ulikuwa mkasi butu. Walipomaliza niliomba kuiona. Nesi akaniletea kwenye kibakuli kipande cha mafuta cha manjano, kama kile tunachokitoa kwenye kuku kabla ya kumpika. Nilikasirika kweli. Miaka yote hiyo nimetazamwa na watu kwa ajili ya kitu cha kutupia paka!

Jumanne asubuhi niliamkia mtaa wa Area 25, nyumbani kwa dada yangu mdogo Faida, nikadhani umeme umekatika. Nilimsikia Faida akipiga yowe mlangoni, akiniita yaya, yaani kaka.

"Yaya! Macho yako iko wapi?"

Macho yalikuwepo, ila yalikuwa yamefunikwa. Hakuna aliyeniambia kwamba ukikatwa pajini uvimbe hushuka. Kope zilikuwa zimejaa kama maandazi, na chini yake ngozi ilikuwa nyeusi. Nilipofanikiwa kuachanisha kope za jicho moja kwa vidole, nikajiona kwenye kioo, nilifunga tena kwa hiari yangu.

"Usitoke inje," Faida akasema. "Utaogopesha batoto ya bantu."

Alinilaza kwa mito mitatu, nusu nimekaa, akanikataza hata kuchungulia sahani. Nsima, ugali wa huku, nililetewa mpaka kidevuni. Nilikula nikitazama dari, nikawa naijua dari ile kuliko mwenye nyumba.

Jumatano mchana habari ilikuwa imewafikia Wakongomani wenzetu wa pale, na kanisa la Faida likaja kuniombea. Sisi tukimwombea mgonjwa tunamwekea mikono, na tunaiweka panapouma. Wale mama walikuwa saba. Nikaona mikono kumi na minne inanyanyuka, yote inaelekea pajini pangu, na wa mbele alikuwa na mkono wa mtu anayetwanga kila siku. Faida akaruka katikati na mwiko wake wa kusongea.

"Muombe, muombe! Lakini mukono ku kichwa, hapana! Iko nyuzi pale!"

"Sasa tuweke wapi?" mama wa mbele akauliza, mkono ukiwa bado hewani.

Wakashauriana, wakaniwekea kwenye miguu. Waliiombea miguu yangu kwa nusu saa, kwa machozi. Haikuwa na shida yoyote, na tangu siku ile naona inatembea vizuri zaidi.

Ugonjwa wangu hasa ulikuwa simu. Nabintu alipiga kila siku.

"Papa, robe iko na pini tu. Unarudia lini?"

"Shanga nyeupe hazipatikani, mwanangu."

"Wiki muzima unatafuta shanga? Papa, uko Lilongwe ao ulivuka bahari?"

Akataka tuonane kwa video. Nikasema mtandao mbaya. Baada ya kukata niliketi nikasikia uchungu wa kweli. Sikuwahi kumdanganya mtoto yule, hata tulipokuwa tunatembea kutoka Kongo na yeye ananiuliza kama kesho tutakula. Siku hiyo niliamua kujaribu kazi. Nikainama kufunga kamba za viatu, kipimo kidogo tu. Paji likaanza kupiga ngoma, na tone la damu likadondoka juu ya kiatu. Tangu hapo nilimheshimu daktari.

Jumatatu iliyofuata nesi alitoa nyuzi, akanibandikia plasta pana nyeupe, akarudia maneno yale yale: wiki moja bado. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo. Nikanunua shanga, maana uongo nao unahitaji ushahidi, nikaanza safari ya kurudi.

Njiani nilikuwa mfalme. Uvimbe ulikuwa umepungua, lakini chini ya macho palikuwa pamegeuka manjano na kijani, na juu yake plasta. Kila aliyeniona alisema "pepani, bambo," pole baba. Kwenye kizuizi polisi alichungulia dirishani, akataka kujua ni nani aliyenipiga. Nikamwambia ni daktari. Akaandika jambo fulani kwenye daftari lake, akatuachia.

Saa tisa nilishuka Dzaleka. Nabintu alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda changu cha kushonea, gauni likiwa magotini mwake limefungwa ndani ya shuka. Alisimama.

"Papa, nani amekupiga?"

"Hakuna. Nimekatisha nundu."

Alinitazama muda mrefu katikati ya paji. Aliniwekea gauni mikononi, akaingia ndani. Nilijua amekasirika kwa ajili ya kazi isiyoanza, na alikuwa na haki. Jioni hiyo hiyo Mama Asukulu akaja na fundi mwingine, mtu wa Fizi, kule Kongo, kama yeye, wakiwa wamemaliza mpango wote.

"Papa Nabintu, we uko mugonjwa. Huyu atashona. We pumzika tu."

"Nipe mpaka Ijumaa," nikasema.

Jumanne nilianza kupigana na urefu. Cherehani yangu ni ya mkono, ya kuzungusha, kwa hiyo ilitosha kuiinua mpaka usawa wa macho yangu. Niliiweka mezani: chini. Nikaweka meza juu ya matofali: ikayumba, pini zikamwagika. Nikaiweka juu ya pipa la maji, na nilipozungusha mara ya kwanza cherehani ikataka kubatizwa. Nikakata tamaa, nikaenda kanisani kuwaambia wanakwaya, maana kiongozi wao ni mimi, kwamba safari hii sitawaongoza. Nikapanda mimbari ili wanisikie, nikaweka mikono yangu juu yake, nikasahau nilichotaka kusema.

Mimbari ile aliichonga seremala wetu kwa ajili ya Pasta, na Pasta ni mrefu mno. Mimi ilinifika kifuani. Haikuyumba hata kidogo.

"Fundi, hapo njo mahali ya Neno," Pasta akasema nilipomwomba nishonee pale, akimaanisha ndipo Neno linapohubiriwa.

"Mi sitasema kitu, Pasta. Nitashona tu."

"Na kama bantu banaingia?"

"Baikale," nikajibu, yaani wakae tu.

Alifikiri kidogo, akaangalia uso wangu wa manjano na kijani, nadhani huruma ikamshinda. Akanipa mpaka Ijumaa mchana.

Jumatano, Alhamisi na nusu ya Ijumaa nilishona gauni la ndoa juu ya mimbari, nimesimama, shingo imenyooka kama askari wa gwaride, macho tu yakitazama chini. Sijawahi kushona vizuri hivyo. Mshono nilikuwa nauona kwa mbali kidogo, na ukweli ni kwamba umri wangu ulikuwa umeshafika wa kuuona hivyo. Kwaya ilifanya mazoezi nyuma yangu, na mimi nilizungusha mkono kwa kufuata mwendo wao, kwa hiyo upindo wa chini uko taratibu na mikono ya gauni iko haraka. Watu waliopita nje walimwona mtu mwenye plasta mimbarini, wakaingia wakakaa. Mzee mmoja alikaa saa nzima. Nilipokunja kazi alikuja kunishika mkono, akasema ni mahubiri ya kwanza ambayo hayakumgombeza.

Jumamosi niliingia kanisani na Nabintu, gauni likiwa limemkaa kana kwamba amezaliwa nalo. Wanawake walipiga vigelegele. Yeye alinishika mkono kwa nguvu lakini tangu Jumatatu hakuwa ameniambia zaidi ya ndiyo na hapana, na furaha yangu ilikuwa na shimo katikati.

Baada ya ibada tukatoka nje kwa picha. Mpiga picha alinitazama, akaona plasta, akaona manjano ya machoni, akamtazama Mama Asukulu. Mama Asukulu akatabasamu kwa ule upole wake.

"Papa Nabintu, nyuma kidogo."

Nikarudi nyuma. Sikubishana, nilikuwa nimechoka. Ndipo Nabintu akageuka, akaanza kutafuta kati ya vichwa vya watu, na nikaona kwamba haniangalii mimi, anaangalia juu juu tu, mahali fulani, na hapati.

"Papa!"

"Niko hapa."

"Sikuoni!" Alikuwa analia sasa, mbele ya wakwe, poda yote inateremka. "Siku tulifika hapa Dzaleka nilipotea mu foleni. Nilikuwa na myaka sita, naona tu miguu ya bantu. Nikanyanyua macho, nikaona nundu yako, nikakufuata. Myaka yote njo nakutafuta vile. Haukuniuliza hata kidogo, Papa. Ulikatisha tu."

Mimi nilikuwa na maelezo mengi mdomoni na yote yalikuwa ya kipumbavu.

"Sasa haiko," Nabintu akasema. "Kuya ikala hapa karibu yangu. Nisikupoteze."

Mama Asukulu mwenyewe ndiye aliyesogea kunipisha.

Wanaoniuliza sasa nawaambia nilichojifunza. Ukikatwa kitu usoni, hesabu ya jino isahau. Wiki mbili ni wiki mbili, wala macho hayatakuuliza kama una harusi. Kazi yako itakungoja kama utaitafutia urefu wake. Na kabla ya kwenda, waulize watu wa nyumbani kwako kama kitu hicho ni chako peke yako.

Picha ilitoka wiki iliyofuata. Niko mbele kabisa, mkono wa Nabintu umenikamata koti, plasta imebanduka upande mmoja, mdomo uko wazi na nalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Ni picha mbaya kuliko zote nilizowahi kupigwa. Nimeitundika kibandani, mahali ambapo kila mteja anaiona kabla ya kunisalimia.