Sikio la Upande wa Mama

Niliporudi mtaani kwetu Bwiza kutoka Lubumbashi nilimkuta kaka yangu ameiinamia injini ya taksi, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni. Ndivyo mafundi wa kwetu wanavyoisikiliza gari. Alikuwa amekonda sana. Alikuwa na kifua kikuu, kile kinachokataa dawa za kawaida, na miaka hiyo kilitibiwa kwa sindano kila siku, miezi kwa miezi.

"We mutembezi, umekumbuka njia?" akasema. Akasogeza bisibisi, akasonya. "Hii gari leo inaongea polepole."

Injini ilikuwa inanguruma hata mwenye taksi akalazimika kupaza sauti.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wake, mwanamke mpole. Alimuuliza kwa sauti ya juu kama masikio yanalia.

"Apana, dogita. Nasikia muzuri."

"Anadanganya," nikasema. Aliogopa sindano zikisimamishwa atakufa.

Daktari akavuta kiti. Alipotaja ribosomu nilikumbuka ubao wa sekondari: kiwanda kidogo mno ndani ya seli, kinachosoma ujumbe na kuunga asidi za amino moja baada ya nyingine mpaka protini itimie. Sindano ile, alisema, hukishika kiwanda cha kijidudu kikasoma vibaya. Protini zinatoka zimepinda, kijidudu kinakufa. Viwanda vyetu vina umbo jingine, vinapona. Lakini ndani ya seli zetu kuna mitokondria, vijumba vinavyotupa nguvu, navyo vina ribosomu zao zinazofanana na za vijidudu. Mitokondria tunarithi kwa mama peke yake. Katika koo chache mfanano umezidi, dawa inazishika na zetu, na seli za ndani ya sikio zikifa hazioti tena.

"Ndiyo maana tulikuuliza siku ya kwanza: upande wa mama, kuna aliyepoteza masikio kwa sindano?"

"Nikasema hakuna," kaka akajibu.

"Na mama mudogo?" nikamuuliza.

"Mama mudogo ni kinini! Kila mutu anajua."

Kwetu uziwi wote ulibebeshwa kinini, dawa ya malaria. Lakini ni mimi, nikiwa na miaka minane, niliyemsindikiza mama mdogo kila asubuhi kuchomwa sindano za kifua, mpaka siku moja nilimwita njiani naye akaendelea kutembea. Nilijua. Siku swali lile lilipoulizwa nilikuwa Kigoma, au Lubumbashi, popote isipokuwa kwenye benchi lile kando yake.

Sindano zikaachwa, akapewa vidonge. Kifua kilipona. Masikio yaliendelea kufa, kisha yakaisha. Sasa anaziba matairi.

Daktari alituambia watoto wa kaka hawana hatari hiyo, wamerithi kwa mama yao. Walio hatarini ni dada yetu na wanawe, na mimi. Basi tulikwenda kwa dada, mtaa wa Mutanga Nord. Akatoa vitabu vya kliniki vya wanawe, nikaandika kwenye kila jalada jina la dawa ile, na chini yake: asichomwe.

"Na muganga asiposoma?" dada akauliza.

Kaka alikuwa akitazama midomo yetu. "Anasema nini?"

Nikamwandikia swali la dada kiganjani mwangu. Akasoma, akacheka kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile.

"Mi waliniuliza kwa mudomo," akasema, "na nikajibu vibaya."